Nilimwambia Umeshafariki

Bigwa, Morogoro
10 Februari 2025

Mwanangu Hafidhi,

Marahaba baba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Naandika mwenyewe. Halima alitaka kuniandikia nikamkatalia, mtoto wa dada yangu yule ana haraka, nikisema maneno kumi anaandika matano. Kwa hiyo vumilia mwandiko wa mtu asiyezoea kalamu.

Huku tuzima, ukiacha goti langu. Upepo umelaza migomba ya bondeni. Mjomba wako Abdulmajid bado anashuka mlimani kila Ijumaa na fimbo yake, anagombana na bodaboda wote mpaka afike msikitini. Shamsia mkwe wangu hajambo? Na mjukuu wangu Yasmin, yale meno ya mbele yameota?

Sasa baba, nisikilize. Halima kaniambia umempigia simu yeye, kwamba unataka kukopa benki ununue nyumba. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nilikuwa nakuna nazi, nikabaki nimekaa pale kwenye mbuzi, nazi mkononi, mpaka wali ukaungua.

Umesahau, Hafidhi? Mimi sijasahau. Duka lako la mbegu na mbolea lilipoanza kufa ukakopa kwa wale wa kwenye simu ili ulifufue, halafu wakapiga kila namba waliyoikuta kwenye simu yako. Walimpigia imamu. Walimpigia fundi cherehani. Walimpigia yule dada wa maandazi pale Msamvu ambaye kosa lake lilikuwa kukuuzia maandazi. Mimi wakaniambia, "Bibi, umezaa mwizi." Baadaye mahakama ikatangaza umefilisika, wakauza duka, wakauza na ile nyumba uliyokuwa hujaipaua, na wale watu wa simu bado wakawa wanapiga. Ndipo nikajifunza kuwajibu, "Huyo alishafariki." Mmoja akasema innalillahi, akakata. Mwingine akasema, "Basi lipa wewe." Siku hiyo nikaizima simu nikaifukia kwenye mtungi wa mahindi ya mbegu, na humo imo mpaka leo.

Usikope, baba. Kaeni kwenye hicho chumba chenu cha kupanga. Chumba cha kupanga hakipigi simu.

Nakusubiri kwa hofu,
Mama yako Mwanaasha


Mpanda
27 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika na vumbi la njia nzima. Yasmin meno yameota, makubwa kama ya sungura, na anakusalimia. Shamsia anasema asante kwa dagaa. Kazi ya mitambo ya maji inaendelea vizuri, mshahara unaingia kila mwezi.

Mama, wali ulioungua nitaulipa. Lakini ngoja nikueleze.

Shamba la Bigwa ni la lukolo, yaani la ukoo, na ukoo wetu unafuata upande wa mama. Likitoka kwako litakwenda kwa Halima na watoto wake. Ndivyo ilivyo na sina kinyongo. Lakini Yasmin ni mtoto wa Shamsia, na Shamsia kwao ni Pangani. Siku nikiondoka, mwanangu hana hata kona ya kuweka kitanda hapo. Ndiyo maana nataka nyumba yangu. Ipo moja hapo hapo Bigwa, chini kidogo, yenye bati la bluu, ya Mwalimu Nasra. Anahamia kwa wanawe Dodoma. Ukiwa jikoni kwako utaona moshi wetu.

Hawa si wale wa simu, mama. Hii ni benki ya kweli hapo mjini. Nyumba yenyewe ndiyo inawekwa rehani, na nitalipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara mpaka iishe. Sikufichi, benki mbili zilinikataa zilipoona nimewahi kufilisika. Hii ya tatu imesema, kwa kuwa mahakama ilishaniondolea ile hali na tangu hapo sijachelewa kulipa kitu, itanisikiliza. Sharti lao, wanataka mtu anayenijua tangu utotoni awaambie mimi ni mtu wa namna gani. Nimeandika jina lako.

Atakuja kijana anaitwa Victor. Ni mpole. Usimwogope. Mwambie ukweli tu, nitaridhika nao.

Mwanao,
Hafidhi


Bigwa
14 Machi 2025

Mwanangu Hafidhi,

Ramadhani njema. Tumefunga, goti nalo limefunga. Mvua imeanza, kule juu mlimani udongo umeporomoka na Abdulmajid hajashuka Ijumaa mbili. Barua yako sijaiona. Halima anapita Msamvu kwenye ofisi ya basi, wanamwambia mizigo ya Mpanda imekwama, njia imeharibika. Au hujaandika? Umeninunia kwa yale ya chumba cha kupanga?

Naandika kukupa habari. Wamekuja tena. Safari hii si kwa simu, wametuma mtu mzima mzima. Kijana ana shati jeupe na begi, viatu vimejaa tope, anauliza kwa adabu kabisa, "Hapa ni kwa mama yake Hafidhi?" Nikajua hapo hapo. Wale wa adabu ndio wabaya zaidi. Nikashika nguzo ya baraza.

Nikamwambia, "Mwanangu alishafariki."

Akasema haiwezekani. Nikamwambia haiwezekani vipi, wewe ndiye uliyemzaa? Njoo uone. Nikampeleka nyuma kwenye makaburi yetu. Unajua tulifyeka kabla ya mfungo kama kila mwaka, tukapandisha udongo, na kaburi la kaka yangu Hashimu lilikuwa limetuna kama la juzi. Nikamwonyesha lile. Yule kijana akaweka begi chini kwenye matope, akafanya ishara ya msalaba, akaomba. Halafu akasema, "Pole sana, mama. Alikuwa anaongea vizuri sana." Machozi yalinitoka, ya woga tu, naye akadhani ni ya msiba. Akaniachia hela ya sukari.

Nimewaweza, baba. Hawatarudi. Lakini tangu siku ile futari hainipiti kooni, na sijui kwa nini.

Usipande basi la usiku.

Mama yako


Bigwa
6 Aprili 2025

Hafidhi, Hafidhi mwanangu,

Barua yako ya Februari nimeletewa jana. Ilikuwa imelala Msamvu chini ya magunia, Halima kaiona alipofuata mzigo mwingine. Nimeisoma nimesimama. Nilipofika kwenye habari ya yule kijana nikakaa chini pale pale uani, kuku wakaja wakadhani nimeleta pumba.

Nimefanya nini, baba? Nimekuzika kwa mdomo wangu. Nina saumu kinywani, niko mbele ya kaburi, na mtu wa watu akakuombea kwa dini yake kwa moyo mmoja. Kaka Hashimu sasa amelala pale kwa jina lako. Maneno kama haya yana masikio, Hafidhi, ukiyatamka yanakuja. Mjomba wako akijua sijui atanifanya nini, sijamwambia. Halima nimemwambia, kacheka mpaka akakaa, halafu akaniona uso akaniletea maji.

Nyumba sasa siiwazi, benki siiwazi. Nakuwaza wewe. Unakula? Ule mfereji wa mitambo unaingia mwenyewe au unatuma vijana? Idi imepita na salamu yako haikuja, wewe ambaye hukosi Idi. Halima kakupigia, simu haipatikani. Kampigia Shamsia, kaitika kwa sauti ndogo akasema "tutawasiliana, wifi". Tutawasiliana ndiyo nini?

Sitaki barua ndefu. Niandikie neno moja tu, kwa mkono wako niujue mwandiko. Andika "nipo".

Mama


Mpanda
2 Mei 2025

Mama,

Nipo.

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, mkono una uchovu. Nilipata homa kidogo, imepita. Simu iliingia maji kazini. Barua zako zote mbili zimefika pamoja, nimezisoma kwa siku moja, na ile ya kaburi nimeisoma mara mbili. Mjomba Hashimu angecheka.

Usijitese, mama. Ulinilinda kwa namna unayoijua. Mambo ya benki bado yanashughulikiwa, usiwe na wasiwasi.

Yasmin anauliza kama kuku wa bibi wametaga.

Hafidhi

_Mama, shikamoo. Ni mimi Shamsia. Amenipa barua niifunge, naongeza haya yeye hajui. Haikuwa homa kidogo. Alilazwa tangu katikati ya Machi, homa ya matumbo, alifikia mahali hatukujua kama atapona. Sasa yuko nyumbani, anatembea kwa kushika ukuta, anakula uji. Na benki hawashughulikii kitu. Walinipigia mimi kunipa pole ya msiba nikiwa wodini nimemshika mkono. Nilipowaambia yuko hai wakazidi kuogopa. Wanasema mtu aliyefilisika, mama yake mwenyewe anasema amekufa, halafu jina lake linaomba mkopo, huenda kuna mwingine anajifanya yeye. Wamelifunga jalada. Wanasema labda aliyesema amekufa aje mwenyewe afute maneno yake. Mwalimu Nasra ana mnunuzi mwingine, anatusubiri mpaka mwisho wa mwezi huu. Hafidhi kanikataza nisikwambie. Nisamehe mama, sikujua nimwambie nani._


Bigwa
25 Mei 2025

Mwanangu Hafidhi,

Marahaba. Na usimgombeze Shamsia. Angekutii wewe ningekuwa bado nimekaa hapa nakutakia kheri ya Idi.

Katikati ya Machi, baba. Nilihesabu kwa vidole, nikaacha kuhesabu.

Nilipanda mlimani kwa Abdulmajid na goti langu hili, nikateleza kwenye matope, nikamwambia kila kitu. Hakunipiga na fimbo. Alitafuna kitu ambacho hakikuwepo. Akasema, "Mwanaasha, wewe ndiye uliyemzika, wewe ndiye umtoe. Mimi sina mdomo huo." Akashuka na mimi. Pale kaburini akatia unga wa mtama kwenye kata ya maji, akanipa nisukutue lile neno, niliteme upande wa macheo. Halafu akaniambia niseme. Nikasema, "Kaka Hashimu, hapa umelala wewe peke yako. Mwanangu Hafidhi hayumo. Nilidanganya kwa woga." Abdulmajid akaongeza yake: "Na wewe Hashimu ulisikia muda wote ukanyamaza tu, tabia yako ile ile." Akasoma fatiha. Nikaenda mlangoni nikakuita kwa jina, kwa sauti, kama zamani ulipokuwa unachelewa mtoni. Majirani wakatoka.

Kesho yake nikavaa kanga yangu ya Idi nikaenda benki na Halima. Mlango wa kioo nikaugonga hodi, mlinzi akaniambia sukuma mama. Akanipa kikaratasi kina namba. Nikamwambia Halima, "Hata sijakaa wameshaniandikia deni." Kumbe ni zamu.

Yule Victor aliponiona alisimama kama kaona jini. "Mama, wewe si ndiye..." Nikasema ndiye. Nikasema nilikudanganya, baba, lile ni kaburi la kaka yangu, mwanangu yuko hai Mpanda anakunywa uji. Nikamweleza wale wa simu, imamu, dada wa maandazi, mtungi wa mahindi. Hakucheka. Akasema taratibu, "Mama, siku ile ulilia. Nikakuamini. Leo unataka nikuamini tena. Nitajuaje ipi ni kweli? Na wakubwa zangu nitawaambia nini?"

Ndipo Halima akatoa simu. Alikuwa ameifukua mtungini bila kuniambia, akaichaji kwa jirani na kuifufua laini yangu. Akaniwekea mkononi, ina vumbi la mahindi kwenye vitufe. Nikaiwasha. Hafidhi, ujumbe uliingia mfululizo, ule wa zamani wote, lipa, lipa, mwizi, tutakuja, inatetemeka mkononi kama panya. Nilitaka kuitupa. Victor akauona ule ujumbe kwa macho yake, akakunja uso.

Halima akanionyesha jina lako nikabonyeza. Ikaita. Wewe ulisikia simu inalia tu, hukuona mimi nilivyokuwa. Ikaita, ikaita, nikawa nasema moyoni, maji ya unga yamechelewa, mwanangu haamki. Watu wote kwenye benki walikuwa wananitazama.

Ukasema, "Shikamoo mama."

Nikashindwa kuitikia. Mpaka Victor mwenyewe akasema, "Marahaba," na uso wake ukabadilika. Ndiyo maana ulisikia sauti ya mwanaume ukashtuka. Halafu nikapata sauti, nikakuuliza nani alikung'oa jino la mbele ulipokuwa mdogo, ukasema, "Mjomba Hashimu, na mpini wa jembe, akanihonga miwa nisiseme." Victor akauliza, "Hashimu yupi huyo?" Nikamwambia, "Yule uliyemwombea."

Hapo ndipo alipocheka. Akasema atalifungua jalada tena, atamwandikia na Mwalimu Nasra asubiri kidogo, lakini hawezi kuahidi kitu.

Mimi bado naogopa deni, Hafidhi. Nilikwenda kukufufua wewe, usidhani nimelikubali.

Kunywa uji mzito.

Mama yako


Mpanda
6 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeacha kushika ukuta. Nimerudi kazini, na mfereji natuma vijana.

Wamekubali. Wametaka nitangulize fungu kubwa kuliko wanavyowataka wengine, kwa sababu ya ile historia yangu, nasi tumeuza pikipiki na Shamsia ameuza cherehani yake bila kuniuliza. Mwalimu Nasra kasubiri. Kasema alikufundisha wewe kusoma usiku kwenye ile kampeni ya watu wazima, na hauzii mwingine mpaka asikie mwisho wetu. Hukuwahi kuniambia.

Halafu kuna jambo moja nikwambie ucheke, maana najua bado unakaa na lile neno. Miongoni mwa karatasi nilizotia saini kuna bima. Imeandikwa kabisa kwamba nikifa, deni linalipwa na bima na nyumba inabaki kwa Shamsia na Yasmin. Mama, benki nao wamekitamka kifo changu, kwa maandishi, na muhuri juu, na wananitoza kila mwezi kwa ajili hiyo. Wewe ulikitamka bure.

Na hili sikukuambia. Wakati natia saini nilisimama katikati ya jina langu. Niliiona ile siku walipopiga mnada duka, watu wanabeba mizani yangu. Shamsia aliniuliza kama nataka kuacha. Nilikaa na kalamu hewani. Mimi pia naogopa, mama. Nilikuwa naona aibu kukwambia kwa sababu wewe unaogopa kwa ajili yetu wote.

Kijana Victor atarudi kwako kumalizia maelezo yako. Ndiyo hatua ya mwisho, bila hiyo hela haitoki. Ukitaka kumwambia sistahili, mwambie. Sitakuuliza.

Hafidhi


Bigwa
3 Agosti 2025

Mwanangu Hafidhi,

Marahaba. Kuku wametaga, mwambie Yasmin. Baridi ya mlima imeshuka mpaka huku chini, asubuhi naota moto na paka. Mwalimu Nasra alinifundisha herufi kwa kuandika chini na kijiti, ndiyo, na sikukwambia kwa sababu nilikuwa namkimbia, nikiogopa kwamba nikijua kusoma utaacha kunisomea.

Victor kaja Jumatano. Safari hii nilipika, wali wa nazi, haukuungua. Alikula akaomba ukoko. Kisha akafungua begi akaniuliza yale maswali upya, kana kwamba hatujawahi kuonana, kasema ndiyo utaratibu.

Akauliza, unamfahamu Hafidhi? Nikasema nimemzaa. Akauliza ni mtu wa namna gani kwenye fedha. Nilikuwa nimelala na hilo swali usiku mzima. Ningesema neno moja tu baya, mngebaki kwenye chumba cha kupanga na mimi ningelala. Nikamwambia hivi: "Alianguka. Alikopa kwa haraka na kwa woga, akaanguka mbele za watu. Alilipa alichoweza na hakukimbia, alipoulizwa na mahakama alijibu. Mimi ndiye niliyedanganya, yeye hakudanganya." Akaandika. Akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema ndiyo, andika mama yake anaogopa. Akasema hakuna nafasi ya hilo, mama. Lakini nikaona kaandika pembeni.

Alipoondoka akapita nyuma kwenye makaburi, sikumwambia, akasimama tena pale kwa Hashimu kidogo. Sijui alimwambia nini.

Sasa nikwambie la jana. Ile simu sikuirudisha mtungini. Iko dirishani, imewashwa, Halima anaichaji. Ikilia naruka kila mara, goti na yote. Jana imelia, namba nisiyoijua. Nikaiacha. Ikalia tena. Mikono ilikuwa na unga nikajifuta kwenye kanga, nikaiokota, nikafumba macho.

Sauti ya mwanamke ikasema, "Naongea na mama yake Hafidhi?"

Hafidhi, lile neno lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno, limezoea njia. Nikalimeza. Nikasema, "Ndiye mimi. Mwanangu yupo. Sema shida yako."

Akacheka. "Mwanaasha, sauti yako bado ya ugomvi. Ni mimi mwalimu wako. Nakuletea funguo."

Mama yako